Wewe ni wa Nani? Wandugu wa Uamsho, Majirani Zetu wa Kabete, na Nyimbo Tulizorithi



Kamati ya jubilei iliniomba niandike historia ya kwaya. Majina ya wenyeviti na waimbishaji, kanda tulizorekodi na safari tulizofanya, hayo yote mtayapata katika kurasa za mwenyekiti, na ameyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nimeomba ruhusa niandike historia nyingine, ile iliyotangulia kwaya hii. Kuna nyimbo tunazoimba hapa ambazo hatukuzitunga wala hatukuzilipia. Waliozilipia waliishi karibu nasi sana, na vijana wetu wengi hawawajui.

Ukitoka hapa Kitisuru ukafuata barabara ya Lower Kabete, si mwendo mrefu kabla ya kuingia katika eneo ambalo wamisionari wa CMS walifungua kituo mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi mtu akisikia jina Leakey anafikiria mifupa na makumbusho. Louis Leakey wa mifupa alizaliwa pale Kabete mwaka 1903, lakini aliyetangulia ni baba yake, Kasisi Harry Leakey, ambaye pamoja na Wakikuyu aliowafundisha walishughulika miaka mingi na tafsiri ya Maandiko. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka 1926. Kwa hiyo watu wa mitaa hii walikuwa wanaweza kusoma wenyewe, kwa lugha ya mama zao, barua ya Paulo kwa Wagalatia, pale katika sura ya 3 anaposema kwamba ndani ya Kristo tofauti ya Myahudi na Myunani haihesabiki tena. Kulisoma neno hilo ni jambo moja. Miaka mitatu baadaye walilazimika kulijibu.

Mwaka 1929 Misheni ya Kiskoti pale Thogoto na AIM kule Kijabe ziliwataka Wakristo wao waweke sahihi au alama ya kidole gumba kuonyesha kwamba wameachana na tohara ya wasichana. Alama hiyo iliitwa kirore, na jina hilo likawabandika walioiweka. Waliokataa walijiita karing'a, yaani walio safi, wasiochanganyika. Nyimbo za muthirigu zikaenea vijijini kuwadhihaki wamisionari na machifu, mpaka serikali ikazipiga marufuku mapema mwaka 1930. CMS ya Kabete ilishika msimamo laini zaidi, lakini upepo haukuipita. Watu waliondoka makanisani, wakajenga shule zao na makanisa yao.

Tohara ya wasichana leo imekatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011, na mimi kama mwalimu nimeona faida ya sheria hiyo kwa macho yangu. Hata hivyo, ninaona kwamba swali liliulizwa vibaya. Kristo aliletwa mezani kama karatasi ya kubonyezwa kidole. Aliyebonyeza akaonekana ameuza kabila lake, na aliyekataa akaonekana amemkana Bwana. Hakuna aliyepewa nafasi ya kujibu kwamba yeye ni Mkikuyu na ni wa Kristo, na kueleza hayo mawili yanakaaje katika moyo mmoja. Jibu hilo lilichelewa, na lilipokuja halikutoka kwa wamisionari wa hapa. Lilikuja kutoka Uganda na Rwanda.

Mwezi Septemba 1929, mwaka ule ule wa kirore, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Daktari alikuwa amechoka. Hospitali yake ya Gahini, mashariki ya Rwanda, ilikuwa imepitia njaa kali, na imani yake mwenyewe ilikuwa imekauka. Wakakaa pamoja na Biblia na kuomba. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo kama watu wawili wenye njaa moja lilikuwa jambo la ajabu kwa siku zile. Uamsho wa Afrika Mashariki wengi huuanzia hapo. Ulishika moto Gahini, kati ya wafanyakazi wa hospitali na wainjilisti, watu kama Yosiya Kinuka na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Blasio alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kiliwasha wengi zaidi ya mahubiri yake. Waganda waliwaita watu hawa Balokole, waliookoka. Mwaka 1937 timu yao ilifika Kenya, na Kabete ikawa mojawapo ya vituo vya kwanza. Wakikuyu waliowafuata waliitwa Ahonoki. Wao kwa wao waliitana wandugu, na wengi wetu bado tunawaita hivyo.

Walihubiri nini kilichokuwa kipya? Mafundisho yenyewe hayakuwa mapya, maana kila walilosema lilikuwa tayari katika Kitabu cha Sala. Upya ulikuwa kwamba walitaka mtu mzima, si jina lake katika rejista ya ubatizo. Waliungama dhambi hadharani, tena kwa kuzitaja. Walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri wao. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo katika miaka ile lilikuwa kama kuvua shati sokoni. Wengine walikataa kupokea mahari ya binti zao. Desturi ilimtaka mtu ajitambulishe kwa mbari yake na ukoo wake, lakini ndugu alianza kwa kusema kwamba ameokoka na Yesu ni Bwana wake. Utambulisho huo sasa tumeuzoea, na hata wanasiasa huusema kabla ya kuomba kura. Mwaka 1937 haukuwa desturi. Ulikuwa tangazo kwamba mtu huyu amehama nyumba, ingawa bado analala kijijini kwake.

Mmoja wa walioguswa alikuwa Obadiah Kariuki. Tutarudi kwake.

Sasa nifike palipo pagumu. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Nawaomba wenzangu wa kwaya wasome sehemu hii kwa subira, kwa sababu kati yetu kuna wajukuu wa watu walioingia msituni na wajukuu wa watu waliovaa sare ya Home Guard, na wanasimama mstari mmoja wakishika kitabu kimoja. Malalamiko ya waliokwenda msituni yalikuwa ya kweli. Ardhi ya Kiambu ilikuwa imechukuliwa. Vilima hivi tunavyoviona hapa, vyenye nyumba za kifahari na maua, vilikuwa mashamba ya walowezi, na mwenye asili ya hapa aliingia kama kibarua. Wala msitu haukuwa wa wapagani peke yao. Dedan Kimathi mwenyewe alisomea shule ya misheni, Tumutumu.

Kiapo kilikuwa ndicho mlango wa harakati. Mtu aliitwa usiku, mara nyingi na jirani au jamaa aliyemwamini, akapitishwa chini ya upinde wa migomba na miwa, akala nyama ya mbuzi na kuonja damu, akaapa kwa udongo kwamba hatatoa siri na hatawaacha wenzake. Kiapo kilimfanya kuwa mtu wa nyumba hiyo. Ndiyo maana wandugu walishindwa kukila. Hawakusema kwamba ardhi haikuibwa. Hoja yao ilikuwa ya meza ya Bwana: walikuwa wamekwisha kunywa kikombe cha damu ya Yesu na hawakuweza kuongeza damu nyingine juu yake. Aliyekwisha kuwa wa nyumba moja kwa damu hakuweza kuapishwa kuingia nyingine.

Kwa kukataa hivyo walipigwa, walinyongwa, walikatwa kwa panga. Wengine walikufa mume na mke pamoja. Wengine walipona wakiwa na makovu waliyoyabeba hadi uzeeni. Hayo yamesimuliwa mara nyingi katika makanisa yetu. Kinachosahauliwa ni kukataa kwao kwa pili.

Serikali ilipoona kuna Wakikuyu wasiokula kiapo iliwapa mkono na kuwapa bunduki. Ilitazamia kwamba hawa sasa ni watu wake, waingie Home Guard walinde vijiji. Wengi wa wandugu walikataa bunduki pia. Waliuliza wangewezaje kumpiga risasi mtu ambaye asubuhi wanataka kumwambia habari za Yesu. Wakabaki katikati, bila mlinzi upande wowote. Watu wa msitu waliwaona wasaliti na maofisa waliwaona watu wasioeleweka, maana katika vita ile kila mtu alitakiwa kuwa na upande. Kuanzia mwaka 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walipokusanywa katika vijiji vya kuzungukwa na mahandaki, wandugu walihamia humo pamoja na wote, wakaendelea kukutana, kuungama na kuimba.

Kwangu mimi, hapo ndipo jibu la mwaka 1929 lilipotolewa. Hawa watu hawakuacha kuwa Wakikuyu. Waliomba kwa Kikuyu, wakalima mashamba yao, wakazikwa katika udongo ule ule. Walichokataa ni kuruhusu kabila au serikali iseme neno la mwisho juu yao. Paulo alifanya hivyo katika Wafilipi sura ya 3. Anaorodhesha kila kitu: siku aliyotahiriwa, kabila lake la Benyamini, Ufarisayo wake. Hakani hata kimoja. Anavihesabu tu upya, akiviweka karibu na Kristo ili aone uzito wake.

Tarehe 15 Mei 1955, vita bado haijaisha, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury aliwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika kwenye kanisa kuu la Namirembe: Festo Olang' na Obadiah Kariuki kutoka Kenya, Yohana Omari kutoka Tanganyika, na Daniel Deng Atong kutoka Sudan. Mwaka ule ule Fisher aliweka jiwe la msingi la kanisa la kumbukumbu ya mashahidi pale Murang'a, ambalo sasa ni kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Kwaya inayokwenda Murang'a kwa mashindano isikose kuingia ndani. Ukutani kuna picha kubwa tano zilizochorwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, Mchagga wa Tanganyika aliyesomea Makerere: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu ni Mwafrika, na mandhari ni ya milima na mabonde ya Murang'a. Katika nchi ambako watu walikuwa wametoka kuuana wakiulizana kama Kristo ni wa Wazungu, mgeni kutoka chini ya Kilimanjaro alijibu kwa rangi. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ambayo siku hizi iko Ridgeways, si mbali na hapa. Ningependa kamati ipange siku tuitembelee.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi walidhani mambo ya viapo yamezikwa. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Wiki zilizofuata, malori na mabasi yalijaza watu kwenda Gatundu usiku. Iliitwa "kunywa chai". Lengo safari hii halikuwa kumfukuza mkoloni, ila kuwafunga Wakikuyu pamoja ili uongozi wa nchi usitoke mikononi mwao. Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtu aliyekataa mwaka 1953. Wakati ule waliomlazimisha walikuwa wakitafutwa na serikali. Mwaka 1969 waliomlazimisha walikuwa na serikali nyuma yao. Wandugu walikataa tena, na walipigwa tena. Magazeti ya makanisa, Target na lile la Kiswahili, Lengo, yalipinga viapo waziwazi wakati Henry Okullu, aliyekuja kuwa askofu, alipokuwa mhariri.

Na hapa tunarudi kwa Askofu Kariuki. Yeye na Rais Kenyatta wote wawili walioa mabinti wa Chifu Mkuu Koinange. Kama kuna mtu ambaye damu, ndoa na kabila vingeweza kumnyamazisha, ni yeye. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa makanisa waliomwendea Kenyatta kumwambia kwamba jambo hilo likome. Lilikoma. Kitabu cha maisha yake kilipotoka mwaka 1985 kilipewa jina linalogeuza kwa upole jina la kitabu mashuhuri cha Kenyatta: A Bishop Facing Mount Kenya. Mlima ni ule ule. Yeye aliutazama akiwa askofu.

Nisiwapambe wandugu kupita kiasi. Waliokuwa wakiwajua kwa karibu wanasema kukaa nao hakukuwa rahisi. Kulikuwa na ndugu waliopima wokovu kwa urefu wa rinda na kwa hereni, na kuna akina mama waliolia kwa sababu ya maneno waliyoambiwa katika ushirika. Kule Nyanza, mvutano kati ya wandugu na Wakristo wengine ulichangia kuzaliwa kwa kanisa jipya, Church of Christ in Africa, ambalo watu huliita JoHera, mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wandugu wenyewe walibishana na kugawanyika juu ya nani ameamka kweli. Watu waliokataa kuwa kabila walikaribia kuwa kabila, wenye mavazi yao, salamu zao na mipaka yao. Nasema hivi kwa sababu kwaya nayo inaweza kufikia hapo. Sare ni nzuri, nami hujipenda nikivaa kitenge chetu, lakini ninajua mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu hakuwa na pesa ya sare.

Kuna jambo zito kuliko hilo, na sitalikwepa. Uamsho ulianzia Rwanda. Mwezi Januari 1964, wakati wa mauaji ya Watutsi ya miaka ile, kasisi aitwaye Yona Kanamuzeyi, aliyewatumikia watu waliohamishiwa Nyamata, alichukuliwa usiku na wanajeshi na kupelekwa kwenye daraja. Aliwaombea waliomshika. Alipokuwa akipelekwa alikuwa akiimba. Walimpiga risasi, wakamtupa mtoni. Mwenzake aliyeachiliwa ndiye aliyesimulia. Miaka 30 baadaye, Aprili 1994, pale pale Nyamata na Ntarama jirani, watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hapo hawataguswa, na wakauawa humo kwa maelfu. Makanisa hayo mawili leo ni mahali pa kumbukumbu. Katika siku zisizozidi 100, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa iliua watu zaidi ya 800,000. Wauaji na waliouawa walikuwa wameimba nyimbo moja. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa nao, ila hawakutosha.

Mtu anaweza kuniuliza kama basi Uamsho ulifaulu au ulishindwa. Nimefikiri juu ya hilo muda mrefu. Ninaloweza kusema ni kwamba Kanamuzeyi hakurithisha imani yake kwa nchi, kama vile mzee aliyekataa kiapo Kabete hakuirithisha kwa wajukuu wake. Wajukuu hao wanaweza kuimba vizuri sana, kwa sauti nne, na bado siku ya siku wakamjibu muulizaji kwa jina la kabila.

Siku hiyo ilitufikia sisi pia. Kama katibu, ninatunza daftari la kumbukumbu za kwaya tangu lile la kwanza lenye jalada la bluu. Ukurasa wa Januari 2008 una majina machache kuliko kurasa zote. Mnakumbuka wiki zile baada ya uchaguzi. Tarehe 1 Januari, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Kwaya yetu wakati ule, kama sasa, ilikuwa na watu wa Kangemi, Mwimuto, Gachie na Kibagare, na wafanyakazi wanaoishi nyuma ya nyumba kubwa za hapa Kitisuru. Kulikuwa na Waluhya, Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na familia moja ya Kikisii. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Waliokuwapo wamenieleza kwamba wengine hawakuja kwa sababu njia zilikuwa hatari. Wengine walikuwa na njia salama na hawakuja. Walikuwa wanaogopa kusimama karibu na mtu waliyesimama karibu naye miaka yote.

Daftari linaonyesha kwamba mazoezi yaliendelea. Waliofika waliimba. Alhamisi moja mwezi Februari, kabla mkataba wa amani haujatiwa sahihi tarehe 28, kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu nyekundu, bila maelezo: mama mmoja wa sauti ya kwanza na baba mmoja wa besi wameombana msamaha mbele ya kwaya. Hakuna majina, na nimeambiwa niache hivyo. Hakuna hata neno la sababu. Orodha ya wiki iliyofuata ni ndefu zaidi, na ile ya Pasaka imejaa kabisa. Wazee wa ushirika wangelitambua jambo hilo mara moja. Kwao liliitwa kutembea nuruni, na lilikuwa na gharama ile ile: mtu asimame mbele ya watu na kutaja.

Nimalizie na nyimbo, kwa kuwa hiki ni kitabu cha kwaya. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu waliuawa kwa moto pale Busega, Buganda, kwa amri ya Kabaka Mwanga: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Simulizi ya wamisionari wa wakati ule inasema waliimba motoni, na wimbo waliouimba walikuwa wamefundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa yao. Mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliuawa kwa amri ya Idi Amin tarehe 16 Februari. Serikali haikutoa mwili kwa ibada ya Namirembe. Watu walikusanyika hata hivyo kando ya kaburi lililochimbwa likabaki tupu, wakaimba.

Wimbo wa wandugu wenyewe, Tukutendereza Yesu, ni wa Kiluganda, na ulitafsiriwa kutoka vitabu vya nyimbo vya Kiingereza. Ulipovuka mpaka kuingia Kenya haukutafsiriwa tena. Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba na Wataita waliuimba kwa Kiluganda wasichokijua, wakati mtu alipotoa ushuhuda, wakati mgeni alipofika, na makaburini. Ninajua kuna waimbishaji wasiopenda kuimba maneno yasiyoeleweka, na kwa kawaida ninakubaliana nao. Kwa wimbo huu sikubaliani. Mkikuyu wa Kabete katika mwaka 1953 alikuwa na nyimbo za Kikuyu za kutosha, na pande zote mbili zilimtaka aimbe zao. Alichagua ulimi wa jirani.

Katika ratiba ya leo wimbo huo ni wa mwisho kabla ya baraka. Tutauimba kwa Kiluganda. Wazee wa ushirika waliokubali kuketi nasi wameomba kinanda na ngoma vinyamaze, kwa kuwa wandugu hawakutumia vyombo, na mwimbishaji amekubali. Maneno hayakuchapishwa katika kitabu hiki. Wasioyajua wawasikilize wazee mara ya kwanza, kisha waingie. Sauti ya pili, tafadhali msikimbie.

Katibu wa Kwaya